Maji ya Kunawa

"Psst!"

Jacklyne alikuwa ameshaanza kuinuka kitini kabla hajakumbuka kwamba leo haitwi yeye. Akajikalisha tena upesi, akajifanya anavuta gauni lake lisikunjamane. Mbugua, aliyeketi kando yake, aliliona hilo. Akamkanyaga mguu taratibu chini ya meza, kumwambia atulie.

"Psst! Wewe!" Mama Mbugua akaita tena, mkono juu, bangili zikigongana. "Ama tukae hapa mpaka tuote mizizi?"

Phelister alikuja mbio kutoka upande wa jikoni, menyu kwapani na tabasamu usoni.

"Karibuni sana Jirani Mwema. Mimi naitwa Phelister, nitawahudumia leo. Karibu mama, karibu mzee." Kisha akamgeukia Jacklyne, macho makavu kabisa. "Na wewe pia, madam. Ni mara yako ya kwanza kwetu?"

Jacklyne aliuma mashavu kwa ndani asicheke.

"Ndiyo," akasema. "Mara ya kwanza."

Meza hiyo waliyoketi aliipangusa kwa mkono wake mwenyewe juzi. Aproni yake ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na mfukoni mwake mlikuwa na kalamu na peremende nusu. Jacklyne Amolo alikuwa weita wa Jirani Mwema, hapa Komarock, na huyo Phelister aliyemkaribisha kama mgeni ndiye aliyemfundisha kazi tangu siku yake ya kwanza. Wenzake wote walikuwa wameambiwa: leo hatujuani. Wakakubali kwa vicheko, maana nani asiyependa mchezo wa kuigiza saa za kazi?

Lakini Jacklyne mwenyewe hakuwa akicheka. Alikuwa amekuja kuonwa na mama wa mwanamume anayempenda, na alikuwa amekuja na uwongo.

Uwongo ulikuwa wa Mbugua. Siku moja mama yake, Teresiah, alimuuliza kule nyumbani Shauri Moyo yule msichana anafanya kazi gani, naye mdomo ukamtoka kabla ya akili: "Ako ofisi, Upper Hill." Basi, yakawa hayo. Teresiah alikuwa ameuza mapazia sokoni Gikomba mpaka magoti yakamkatalia ili kijana wake aingie katika ofisi ya bima, na kichwani mwake mke wa kijana huyo alikuwa ameshamchora zamani, viatu na mkoba. Kwamba baba wa msichana, mzee Okumu, ni mstaafu wa reli na kwao ni Siaya, si kabila moja nao, hilo alilimeza kwa taabu likapita. Weita asingemmeza. Kuna jirani aliyeolewa akifanya kazi hiyo, na Teresiah alisema mbele ya Mbugua kwamba mwanamke wa kubeba makombo ya watu hawezi kubeba jina la nyumba. Mbugua akanyamaza siku hiyo, na tangu hapo akawa hodari wa kunyamaza.

Halafu, kati ya hoteli zote za Eastlands, mama akachagua Jirani Mwema. Wanawake wa chama chake walikuwa wameisifu nyama ya mbuzi ya hapo. Mbugua alitaja hoteli nyingine, akataja nyingine tena, mama hakubanduka.

Jana jioni alimfuata Jacklyne mpaka kwake Tassia, wakasimama kwenye ngazi za ploti anapopanga, majirani wakipita na mitungi ya maji.

"Siku moja tu, Jacky," alimsihi. "Akishakupenda, nitamwambia mwenyewe."

"Atampenda nani, Mbugua? Mimi, ama huyo wa Upper Hill?"

Mbugua alisogea karibu. Alimshika mikono yote miwili akamtazama, na Mbugua akikutazama hivyo, na yale macho yake mazito yenye kope ndefu, unasahau ulikuwa umekasirikia nini. Jacklyne alikubali. Usiku kucha alijiita mjinga, na asubuhi akavaa gauni la bluu ambalo Mbugua hulipenda.

Wakati mwingine alijiuliza kama huyu ndiye yule yule. Maana siku walipokutana, Mbugua alikuwa amekuja hapa na wenzake wa ofisini, wanaume wa kupiga makofi na kumwita weita kama wanaita mbuzi. Yeye peke yake aliuliza, "Unaitwa nani?" Kuanzia hapo ikawa "Jacklyne, naomba chumvi," na "Jacklyne, asante." Mtu anayeitwa "psst" kutwa nzima akisikia jina lake likitajwa vizuri, linaingia mpaka ndani. Alirudi Tassia siku hiyo akilisikia njia nzima. Yaani alipendwa kwa jina lake, akapenda.

Na leo mwanamume huyo huyo alikuwa amekaa anaangalia menyu, huku mama yake akimwita Phelister "psst".

Mezani walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mjomba Naftaly, kaka yake Teresiah, mzee wa koti la kahawia na sauti ya mkutano. Phelister alipomaliza kuandika walichoagiza, mjomba alitoa noti akaikunjua, akaiweka chini ya kikopo cha chumvi, ncha ikitokeza.

"Unaiona hiyo?" akamwambia Phelister. "Hiyo ni yako ya chai. Lakini inategemea. Ukikosea, inarudi kwangu kidogo. Ukikosea tena, inarudi tena. Tuone utafika nayo wapi."

Akacheka peke yake. Phelister akatabasamu lile tabasamu la kazi, linaloishia kwenye meno.

"Sawa, mzee."

Jacklyne akamtazama Mbugua. Mbugua akakohoa.

Chakula kilipokaribia, Phelister alileta maji ya kunawa: jagi la maji ya moto, beseni, sabuni, na taulo begani. Alianza na mama, kwa heshima. Teresiah akarudisha mikono yake kifuani.

"Ngoja kwanza," akasema. "Weka hapo. Jacklyne ndiye atanimwagia."

Kila mtu alijua huo ni mtihani. Nyumba nyingi zina mtihani huu, hata kama hakuna anayeuita hivyo: msichana aliyeletwa nyumbani huangaliwa anavyomnawisha mama mkwe.

Jacklyne akainuka. Alipolishika jagi, mikono ilijua yenyewe la kufanya. Taulo likalala kwenye mkono wa kushoto, beseni likakaa chini ya vidole vya mama bila kuvigusa, maji yakashuka membamba, hayarukii mikono ya gauni wala kitambaa cha meza. Akasubiri sabuni. Akamwaga tena. Akainama kidogo akampa taulo.

Uso wa Teresiah ukafunguka wote.

"Naftaly, umeona? Umeona mkono huo? Huyu amelelewa. Si hawa wa siku hizi wanaokumwagia maji kama wanazima moto." Akamgeukia Phelister, aliyesimama kando mikono mitupu. "Na wewe, si ungeangalia ujifunze?"

"Nimeona, mama," Phelister akasema. "Amefunzwa vizuri."

Jacklyne aliketi akiwa ameshinda, lakini hakuthubutu kumtazama Phelister.

Chakula kikaja: mbuzi choma iliyokatwa juu ya ubao, ugali, sukuma, kachumbari, na samaki mzima wa mchuzi wa mjomba. Teresiah alikuwa amechangamka sasa. Akamchagulia Jacklyne ubavu mzuri kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mama, kula. Huko ofisini kwenu hasa mnafanya nini?"

Mguu wa Mbugua ukaja tena chini ya meza. Jacklyne akausukuma.

"Tunahudumia watu, mama. Kutoka asubuhi mpaka jioni."

"Watu wa maana?"

"Wengine wa maana, wengine wana madharau tu."

"Hao wapo kila mahali," Teresiah akasema kwa huruma. "Psst! Wewe! Pilipili iko wapi?"

Pilipili ilikuwa mbele yake, nyuma ya chupa ya maji. Phelister alipomwonyesha, mjomba Naftaly akanyoosha kidole akaivuta noti kidogo upande wake.

"Hiyo ni ya kujibu," akasema.

Akaivuta tena soda ilipokuja bila mrija. Akaivuta Phelister alipochelewa kwa sababu meza ya pili ilimwita. Kila akiivuta anatazama mezani kuona nani amecheka, na Mbugua, Mungu amsamehe, alicheka mara moja. Kilikuwa kicheko kidogo cha woga, lakini Jacklyne alikisikia. Akauweka ubavu wake chini.

Kisha mjomba, aliyekuwa amemla samaki upande mmoja mpaka mfupa, akamgeuza, akala nusu ya upande wa pili, akasukuma sahani.

"Hii samaki ina chumvi. Rudisha. Sitalipia."

Phelister akaitazama sahani. "Lakini mzee, karibu umemaliza."

"Nilikuwa natafuta mahali hakuna chumvi."

Teresiah akacheka mpaka akashika kifua. Owino, supavaiza, akasikia kelele akaja na uso wake wa kuomba radhi. Kila weita wa Jirani Mwema aliijua sheria ya hoteli: sahani ikirudishwa, anakatwa aliyeihudumia. Jacklyne aliwahi kukatwa hivyo, na siku hiyo ni Phelister aliyemgawia chakula chake nyuma ya jikoni, akamfuta machozi kwa ncha ya aproni.

"Pole sana, mzee," Owino alisema. "Tutaiondoa kwa bili yako. Phelister, hii itakuwa yako."

"Sawa," Phelister akasema. Hakumtazama Jacklyne hata kidogo. Alikuwa ameahidi.

Pengine kama angemtazama na kulalamika, ingekuwa rahisi kunyamaza. Lakini lile "sawa", na yale macho yaliyokataa kumgeukia ili yasimharibie siku yake, yalimshinda Jacklyne.

"Mbugua," akasema polepole. "Sema kitu."

"Jacky, tafadhali," Mbugua akanong'ona. "Tumekaribia kumaliza."

"Sema kitu."

Mbugua akaangalia ugali.

Jacklyne akasimama. Kiti kikakwaruza sakafu, na meza za karibu zikageuka.

"Owino, hiyo samaki usimwandikie Phelister."

Owino akakodoa macho. "Jacky, si ulisema leo hatujuani?"

Teresiah akauacha mfupa aliokuwa ameushika.

"Mnajuana?" Teresiah akauliza.

"Tunajuana, mama," Jacklyne akasema. "Mimi nafanya kazi hapa. Sina ofisi Upper Hill, sijawahi kuwa nayo. Mimi ni weita, na aproni yangu iko nyuma ya mlango ule."

"Mbugua?"

Mbugua akaisogeza sahani yake.

"Mbugua, nakuuliza! Umenitoa Shauri Moyo na nguo yangu ya kanisa nije kuonyeshwa weita?"

"Mama, ningekuambia..."

"Mama, niangalie mimi," Jacklyne akamkatiza. "Umenisifu mikono sasa hivi. Umesema nimelelewa. Aliyenifundisha kushika jagi ni huyu hapa. Huyu ambaye tangu tuketi unamwita kama mbuzi, ukamwambia ajifunze kwangu! Kama mikono yangu ni mizuri, basi yake ni mizuri. Kama yake ni ya kudharauliwa, nidharau na mimi, nizoee mapema."

"Usinipazie sauti, msichana!" Teresiah naye akasimama, mikono yake ikimetameta mafuta ya mbuzi. "Unadhani mimi nilizaliwa kwa raha? Nimeuza mapazia nje kwa vumbi. Nimetukanwa na wateja mpaka nikazoea. Mtu anatupa bidhaa yako kwa matope anakwambia si mpya. Nilivumilia ili huyu asitukanwe. Na mke wake asitukanwe!"

"Basi unajua inavyouma," Jacklyne akasema. "Unajua kabisa, na bado unamfanyia mwingine."

Teresiah akamgeukia kaka yake.

Mjomba Naftaly aliona ni wakati mzuri wa kuokoa mali yake. Alinyoosha mkono kwenye kikopo cha chumvi, lakini mkono wa Phelister ulikuwa umefika kwanza.

"Hii nimeifanyia kazi, mzee," Phelister akasema kwa upole, akaikunja noti akaitia mfukoni mwa aproni. "Asante kwa chai."

Nyuma, karibu na jikoni, mtu akapiga makofi akanyamaza haraka. Maweita wengine walikuwa wamejikusanya pale, trei mikononi, hakuna aliyejifanya anafanya kazi.

"Na samaki amebaki mifupa," Jacklyne akamwambia Owino. "Aliyemla yuko hapo. Ukimkata Phelister, nikate na mimi, halafu kesho tutaenda kwa mwenye hoteli sote atuambie hii sheria ilitoka wapi."

"Sote," akasema mmoja wa kule nyuma.

Owino alikuna kichwa. Alikuwa ameanza kama weita yeye pia, na huenda alikumbuka. Akaichukua ile bili, akaiweka mbele ya mjomba Naftaly bila kuipunguza chochote.

"Tusamehe, mzee. Samaki ameliwa."

Teresiah hakungoja zaidi. Alitaka kuuchukua mkoba wake, mkoba mweupe wa Jumapili, na hapo akakumbuka vidole vyake. Akanyakua tishu, akajifuta, tishu zikachanika zikamganda vidoleni vipande vipande. Ikawa vibaya zaidi.

"Mbugua! Beba mkoba wangu, twende."

Mbugua aliinua kichwa. Alimtazama mama yake, akamtazama Jacklyne. Jacklyne hakumsaidia kwa macho wala kwa ishara. Alikuwa ameumia mno, na alikuwa akimpenda vilevile, mambo hayo mawili yakimsukuma kifuani kila moja upande wake. Alijiambia: akiubeba mkoba ule, nimemaliza naye. Nitalia, lakini nimemaliza.

"Umesikia? Twende!"

"Mama," Mbugua akasema, "mimi bado sijanawa."

Akabaki ameketi vilevile, mikono yake yenye mafuta juu ya meza. Uso ulikuwa umemwiva, lakini hakuuinamisha tena.

"Unasema nini?"

"Nasema bado sijanawa. Sitoki hapa hivi." Akamgeukia Phelister. "Phelister, nisamehe. Nimekaa hapa nikiona yote, na hata nikacheka." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, huyu anaitwa Jacklyne Amolo. Ni weita. Nilimpenda akiwa weita, hapa hapa, na ndiye nataka kuoa. Uwongo ni wangu. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yake. Mjomba, lipa samaki."

Teresiah alisimama akimtazama kama mtu aliyeletewa mtoto si wake. Kisha akageuka, akaelekea mlangoni, mikono ameiinua mbali na nguo ya kanisa, mkoba mweupe umebaki mezani. Mjomba akabaki akipekua mifuko ya koti.

Jacklyne akalichukua jagi. Pipa la maji ya moto ya kunawa lilikuwa karibu, akalipita; akaenda mpaka kwenye bomba la jikoni akalijaza pale. Akarudi, akaweka beseni.

"Lete mikono."

Mbugua akaleta. Maji yakamwangukia, akashtuka.

"Jacky! Baridi hiyo!"

"Ndiyo yako ya leo. Usitoe mikono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uyaseme hayo tena kwenu Shauri Moyo, mbele ya shangazi zako wote, na mimi nimekaa hapo na aproni yangu. Umenikana chakula kizima, Mbugua. Usidhani sentensi moja inatosha."

"Nitasema," akasema. "Hata kesho." Na akamtazama kwa yale macho. Safari hii Jacklyne hakusahau alichokasirikia, lakini alimwaga polepole kidogo, na kidole chake kikagusa kifundo cha mkono wa Mbugua, kikakaa hapo.

Mlangoni, Teresiah alikuwa amesimama. Mlango wa Jirani Mwema hufunguliwa kwa kuvuta kishikio, na mikono yake haikuwa ya kushika kitu. Maweita walikuwa wametulia. Hakuna aliyemkimbilia, hakuna aliyemcheka. Nje, Barabara ya Kangundo ilikuwa na watu wa Jumapili waliovaa vizuri.

Akageuka taratibu.

"Psst," akaanza, kisha akajikatiza mwenyewe. "Wewe... Ulisema unaitwa nani?"

"Phelister, mama."

"Phelister." Alilitamka kwa uangalifu. "Niletee maji ya kunawa."

Phelister hakusogea. Akamtupia Jacklyne jicho. Jacklyne hakugeuka, aliendelea kumwagia Mbugua maji, ingawa mikono yake ilikuwa imetakata kitambo, akiwa ametega masikio.

"Tafadhali," akaongeza Mama Mbugua, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Phelister akaenda kuchukua maji ya moto.